Taa ya Baiskeli kwa Mfuko Mdogo: Namna ya Kuchagua Inayofaa

Katika mashariki ya Uganda baiskeli haijastaafu. Pikipiki zimeenea kila kona, lakini mikebe ya maziwa ingali ikiingia Mbale alfajiri juu ya keria, mikungu ya matoke ingali ikiteremshwa hivyo hivyo kutoka miinuko ya Elgon, na wapo wafanyakazi wa zamu ya usiku mjini Jinja ambao hurudi Bugembe, Walukuba na Mpumudde kwa nguvu za miguu yao. Wala si ajabu, kwani jina lenyewe la boda boda lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiwaita wateja kwa kulitaja mara mbili neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kabla ya pikipiki kuishika kazi hiyo katika miaka ya 1990, kiti cha sponji kilichofungwa juu ya keria ndicho kilichokuwa teksi ya Busia, Tororo, Mbale na Jinja.

Giza nalo kwetu halina msimu. Tu karibu mno na mstari wa Ikweta. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na huchomoza kwa kiasi hicho hicho asubuhi. Anayetoka kazini saa moja, au anayewahi soko saa kumi na moja alfajiri, atapanda baiskeli gizani Januari kama atakavyopanda Julai. Hata hivyo, baiskeli nyingi tunazokutana nazo usiku katika barabara ya Jinja kwenda Iganga, ile ya Tirinyi, na ile ya Mbale kwenda Tororo, hazina taa yoyote. Taarifa ya mwaka ya Polisi ya Uganda ilionyesha kuwa watu 4,806 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2023, na waendesha baiskeli wamo katika hesabu hiyo. Wananchi wanapoelezwa habari hizi hujibu kwa swali lenye haki: taa gani inunuliwe na mtu ambaye fedha zake ni za kuhesabu? Makala haya ni jibu la swali hilo.

Dereva anaona nini?

Kabla ya kutaja bei, yafaa tujue taa inatakiwa kufanya kazi gani. Chukua lori lililopakia, liendalo kilomita 80 kwa saa kutoka Malaba. Kwa mwendo huo linakwenda mita 22 katika kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu ili atambue kitu na kuupeleka mguu kwenye breki. Katika muda huo lori limekwisha kwenda mita 33. Baada ya hapo breki zenyewe, kwa gari zito kwenye lami kavu, zataka mita nyingine zipatazo 50. Jumla ni zaidi ya mita 80. Sasa, taa za gari zilizoshushwa, kama inavyopasa wakati gari jingine linapokuja mbele, humwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 40 au 50 hivi. Mwenye kupenda hesabu atasema kuwa baiskeli nayo inakwenda mbele, kwa hiyo pengo halizibiki upesi hivyo. Ni kweli. Ukiutoa mwendo wa baiskeli wa kilomita 15 kwa saa, dereva bado anahitaji karibu mita 60 ili apunguze mwendo asiiguse. Hana hizo mita 60. Anachobaki nacho ni kukwepa upande wa kulia, ambako basi linakuja.

Kinyume chake, taa ndogo nyekundu ya LED, isiyo na nguvu hata ya kusomea gazeti, huonekana mita 300 nyuma na zaidi katika usiku usio na ukungu. Hapo dereva yule yule anapata zaidi ya sekunde kumi na tano za kufikiri. Basi kumbe fedha inayonunua uhai wa mpanda baiskeli katika barabara kuu si nyingi, wala haihitaji mwanga mkali. Tunalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wakiamua kununua taa huanza na ya mbele, yenye mng'ao wa kuvutia dukani, halafu fedha ikawaishia.

Kwa maoni yetu, mtu ambaye leo anaweza kununua taa moja tu na anapita barabara kuu, aanze na ya nyuma, na kwa siku chache ajisaidie mbele kwa tochi aliyo nayo nyumbani, akiifunga imara kwenye usukani. Anayepita njia za vijijini peke yake, ambako hatari ni mashimo, mifereji na ng'ombe waliolala njiani, anaweza kugeuza utaratibu huo. Lakini hizo ni hatua za kuelekea kwenye baiskeli yenye taa zote mbili. Kanuni ya rangi ni moja, uwe Busia ya Uganda au Busia ya Kenya: mwanga mweupe mbele, mwekundu nyuma. Rangi hizo si pambo. Dereva akiona nyekundu anasoma kuwa chombo kinakwenda mbali naye. Akiona nyeupe anasoma kuwa kinamjia. Kijana aliyefunga taa nyekundu mbele kwa kuwa ilikuwa rahisi anamdanganya kila anayekutana naye. Taa za buluu zinazomweka zisiwekwe kabisa, kwa kuwa ni alama ya magari ya dharura.

Nyuma: taa, kiakisi na mzigo

Kiakisi, yaani kile kidude chekundu cha plastiki ambacho mafundi hukiita rifleta, ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na hakili betri. Ndani yake mna pembe ndogo ndogo nyingi zinazourudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ndiyo maana dereva anakiona kama kinawaka, hali mtu aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Lakini udhaifu wake unatokana na sifa hiyo hiyo. Gari lenye taa mbovu halitakiona, na gari linaloingia kutoka barabara ya pembeni litakiona limechelewa. Kikipakwa tope kinakuwa plastiki tu. Kwa hiyo kiakisi ni msaidizi wa taa, nayo taa ikizimika ghafula, ndicho kinachobaki.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni mzigo. Baiskeli hutoka dukani na kiakisi kimefungwa kwenye madigadi ya nyuma, chini ya keria. Mwenye baiskeli anapakia jerikeni nne, au gunia la mkaa linaloning'inia pande zote mbili, au abiria aliyeketi upande na kitenge chake kikaanguka mpaka kwenye tairi. Kiakisi kipo, taa ipo, na hakuna kinachoonekana. Tumeona baiskeli ambazo mwenyewe alitumia fedha halali kununua taa nzuri, akaifunga chini ya kiti, kisha akaifunika kwa mikungu mitatu ya matoke.

Dawa yake ni kufunga taa ya nyuma kwenye ncha ya mwisho kabisa ya keria, au kwenye chuma kinachoshuka kutoka keria hadi kitovu cha gurudumu, upande wa kulia ambako magari hupita. Mwenye kubeba mizigo mirefu atengeneze kipande cha ubao chenye urefu wa mkono, abandike juu yake utepe wa kuakisi kama ule wa malori, afunge na taa ndogo, kisha akiisha kupakia aning'inize ubao huo nyuma ya mzigo kwa mpira wa tyubu kuukuu. Utepe huo huuzwa kwa vipande katika maduka ya vipuri vya magari, na kipande cha nusu mita chatosha baiskeli nzima. Ukibaki, ubandike kwenye pedeli, au ushone ukanda wake kwenye kitambaa na kukifunga kwenye vifundo vya miguu. Watafiti wa usalama barabarani wameonyesha kuwa dereva humtambua mtu upesi zaidi akiona nuru inayopanda na kushuka kwa mwendo wa miguu kuliko akiona nuru iliyotulia mahali pamoja. Akili inajua mara moja kuwa pale pana kiumbe.

Je, taa ya nyuma iwake mfululizo au imwekemweke? Mjini, kati ya taa za maduka na za magari, ya kumwekamweka huvuta macho. Katika barabara yenye giza tupu, ya kuwaka mfululizo ni bora, maana dereva huweza kukadiria umbali wako. Mbele usitumie ya kumwekamweka gizani; inakuchosha wewe mwenyewe na inamsumbua anayekuja.

Mbele: kuona shimo kabla ya kulifikia

Taa ya mbele ina kazi mbili ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni kuonekana, na kwa hiyo lumeni 20 hadi 50 zatosha katika mitaa yenye taa, kama ya katikati ya Jinja. (Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa, balbu ya kawaida ya LED ya sebuleni hutoa kama 800.) Kazi ya pili ni kuona njia, nayo yahitaji zaidi. Mpanda baiskeli aendaye kilomita 20 kwa saa atatumia mita nane kabla mkono haujabana breki, na mita sita au zaidi kabla ya kusimama. Breki za fito za baiskeli zetu nyingi hubana ringi ya chuma, na ringi ya chuma ikilowa huteleza, kwa hiyo siku ya mvua umbali huo huongezeka sana. Taa isiyoonyesha njia mita 15 mbele haimfai mtu wa barabara ya Tirinyi, ambako lami inakatiza mabwawa ya mafunjo ya mto Mpologoma na ukungu wa alfajiri hutanda barabarani. Kwa njia kama hizo tafuta taa yenye lumeni za kweli kati ya 200 na 400. Zaidi ya hapo unalipia sifa.

Namna ya kuielekeza ni muhimu kama nguvu yake. Fungia taa kwenye usukani au juu ya uma, siyo kichwani, kisha iinamishe mpaka kitovu cha mwanga kianguke chini hatua nane au kumi mbele ya gurudumu. Taa iliyoinuliwa sana humpofusha mpanda baiskeli mwenzako anayekuja, naye akipofuka anaelekea kulia, yaani kwako. Tochi ya kichwani ina faida ya kumulika kila unakogeuka, na fundi akipata pancha njiani ataishukuru. Lakini kila unapomtazama dereva usoni unampiga na mwanga machoni. Ama simu iliyobanwa mkononi au mdomoni, hiyo haihesabiwi kuwa taa. Inakunyang'anya mkono mmoja wa breki, na siku ukianguka umepoteza na simu.

Umeme utoke wapi?

Hapa ndipo gharama halisi ilipo, kwa maana bei ya dukani ni mwanzo tu.

Wazee wanaijua dinamo, ile chupa ndogo inayosuguana na ubavu wa tairi. Wengi wameidharau siku hizi, na tunadhani wameidharau mapema mno. Dinamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, wati 2.4 za mbele na 0.6 za nyuma, bila kununua betri hata moja kwa miaka. Kasoro zake zinajulikana na zina tiba. Huteleza kwenye tairi lililolowa. Kaza springi yake, na uhakikishe kuwa mstari wa katikati yake ukiurefusha unapita kwenye kitovu cha gurudumu, la sivyo itakula tairi na kulia kama nyuki. Katika mteremko mkali, kama mtu ashukaye kutoka Wanale kuingia Mbale, umeme huzidi na balbu ya waya huungua. Ikiungua ya mbele, umeme wote hukimbilia ya nyuma, nayo ikaungua kwa kufuatana. Fundi aweza kukuwekea taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya dinamo, ambayo huvumilia zaidi na hung'aa kuliko balbu. Linalobaki ni kwamba ukisimama, taa huzimika, na ukisukuma baiskeli mlimani hufifia. Kwa hiyo mwenye dinamo asikose kiakisi safi, na kama anaweza, aongeze taa ndogo ya betri nyuma.

Taa za betri kavu ni rahisi kununua na ghali kulisha. Tuseme taa yako hutumia betri tatu ndogo zinazodumu wiki mbili. Kwa mwaka utakuwa umenunua betri 78. Piga hesabu hiyo kwa bei ya betri katika duka la kijijini kwako, ulinganishe na bei ya taa ya kuchaji. Wengi wakipiga hesabu hii hugundua kuwa taa waliyoiona ghali ingejilipa kabla ya miezi michache. Betri kavu zinafaa kwa taa ya nyuma, ambayo hutumia umeme kidogo sana, na kwa mtu anayepanda usiku mara moja moja.

Taa ya kuchaji kwa waya wa simu ndiyo tunayoipendekeza kwa anayekwenda kazini kila siku. Inachajiwa popote simu inapochajiwa: nyumbani, kwenye kibanda cha kuchajia, au kwenye mtambo mdogo wa jua. Kuna pia taa za jua za mkononi zenye kulabu, ambazo mchana huachwa juu ya paa na usiku hufungwa kwenye usukani; si nzuri kama taa ya baiskeli, ila humulika nyumba na njia kwa fedha ile ile, na kwa familia nyingi hilo lina uzito. Angalia tu kuwa imefungwa isichezecheze, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya murami huvunja kulabu za plastiki upesi.

Maneno ya boksi na ukweli wa ndani

Udanganyifu katika biashara hii ni mwingi, na mwananchi anaweza kuugundua bila chombo chochote. Taa nyingi za kuchaji hutumia betri ya mviringo yenye namba 18650; namba hiyo maana yake ni upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri bora kabisa za umbo hilo hubeba umeme wa miliampea-saa 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, hapo pana uongo ulioandikwa kwa herufi kubwa. Ishike mkononi: betri ya kweli ina uzito wa gramu kama 45, nayo ya bandia mara nyingi ni nyepesi kiasi cha kushangaza.

Vivyo hivyo kwa lumeni. Taa za LED za kawaida hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Taa inayodai lumeni 10,000 ingehitaji wati 100. Betri yenye miliampea-saa 2,000 na volti 3.7 ina akiba ya wati-saa 7.4 tu, kwa matumizi ya wati 100 ingekwisha kabla ya dakika tano. Betri hiyo hiyo ikiwasha taa ya wati 2, yenye lumeni 200, itakufikisha saa tatu na nusu. Kwa hiyo usimwulize muuzaji taa inang'aa kiasi gani. Mwulize inakaa saa ngapi kwenye mwanga wa kati, kisha ukifika nyumbani ichaji mpaka ijae, iwashe mezani na uangalie saa. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuipokea ndani ya siku mbili au tatu ikiwa haifikii alichosema, na risiti ndiyo ushahidi wako. Usiondoke bila hiyo.

Kwa mvua zetu za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka, tazama alama ya kuzuia maji. IPX4 maana yake taa inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na hiyo yatosha. IPX7 maana yake yaweza kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Taa isiyo na alama yoyote si lazima iwe mbaya, lakini kagua kifuniko cha tundu la kuchajia. Kikiwa kimelegea dukani, kitakuwa kimepotea kabla ya mwezi kwisha. Kagua pia kibanio, maana taa nyingi hufa kwa kibanio kuvunjika kabla ya balbu kuchoka. Chenye mkanda wa mpira hupita vizuri kwenye usukani wa baiskeli zetu nene kuliko cha plastiki kilichotengenezwa kwa baiskeli nyembamba za mashindano.

Wafanyabiashara wanaovuka Busia na Malaba kununua katoni za taa wakumbuke jambo moja. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huondoa ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Taa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa kununuliwa upande wa pili wa barabara. Iorodheshe ulipe inavyopasa, na ukiambiwa na mtu yeyote kuwa kuna njia fupi, dai risiti.

Hofu ya wezi

Wapo wanaotuambia kuwa wanazima taa kwa makusudi. Wanasema taa humtangazia mwizi kuwa mtu anakuja peke yake, na katika vipande fulani vya njia wanapendelea kupita kimya kimya. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na askari anayeicheka hajawahi kupanda baiskeli saa kumi alfajiri akiwa na fedha za maziwa mfukoni. Lakini tuipime. Mnyang'anyi anayevizia mahali pamoja huisikia baiskeli yenye mzigo ikija, kwa mnyororo na kwa keria, iwe na taa au isiwe nayo. Dereva wa lori haisikii kamwe. Anayezima taa kwa sababu ya yule wa kwanza anajitoa mkononi mwa huyu wa pili, ambaye hupita katika barabara hiyo mara nyingi zaidi.

Kinachosaidia dhidi ya wezi ni watu. Wauza maziwa na wauza mboga wanaotoka eneo moja wakubaliane saa ya kuondoka na kwenda kwa kundi, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho akiwa na taa kali ya nyuma. Kundi la watu watano lenye taa mbili nzuri ni salama kuliko watu watano wenye taa tano mbovu waliotawanyika. Mahali panapoaminika kuwa pa hatari patajwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu, kwa jina la mahali na saa ya tukio. Doria hupangwa kwa taarifa za namna hiyo. Na kwa kuwa taa yenyewe huibwa sokoni, chagua inayochomoka bila spana, uiweke mfukoni. Namba iliyochongwa kwenye fremu ya baiskeli iandike kwenye daftari nyumbani. Baiskeli iliyovushwa mpaka bila mwenyewe kujua namba yake ni vigumu sana kurudishwa.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wanaoishi kando ya barabara. Baiskeli isiyo na taa inapogongwa usiku, umati hukusanyika, na mara nyingi dereva hupigwa kabla ya mtu yeyote kuuliza kilichotokea. Madereva wanalijua hilo, na baadhi yao kwa sababu hiyo hawasimami. Majeruhi ambaye angeweza kufikishwa hospitali na gari lile lile anabaki kwenye majani. Uchunguzi wa ajali hutazama pande zote: mwendo wa gari, breki zake, hali ya dereva, na pia kama baiskeli ilikuwa na taa. Mkifika mahali pa ajali, wekeni matawi na mtu mwenye tochi umbali wa hatua mia moja kila upande ili magari yanayokuja yapunguze mwendo, msimvute majeruhi kwa nguvu isipokuwa yuko katika hatari ya kugongwa tena, na pigeni simu 999 au 112. Namba hizo hazitozwi.

Taa ikikuzimikia njiani, usiendelee kwa kukisia. Shuka, toka nje kabisa ya lami, na usukume mpaka penye mwanga. Betri zilizokwisha usizitupe shambani wala motoni. Zile bapa kama sarafu, zinazowekwa katika taa ndogo za nyuma, ziwe mbali na watoto hata zikiwa zimekwisha nguvu: mtoto akiimeza yaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili, naye apelekwe hospitali mara moja, hata kama halii.